Nilinunua gitaa la rozwudi nikitafuta sauti kubwa

Gitaa langu la rozwudi, yaani lenye mgongo na mbavu za mti huo mgumu wa kahawia, liko nami mwaka wa nne sasa, na kila nikilitoa kwenye begi mbele ya wapigaji wenzangu swali huwa lile lile: "Eti rozwudi ina sauti kubwa kweli?" Jibu langu huwa refu kuliko muulizaji alivyotaka. Acha niliweke hapa lote, anayetaka kununua alisome kabla hajatoa hela.

Kwanza mjue nililokuwa nalo kabla. Ni gitaa la nyuzi za chuma, umbo la drednoti, lile pana ambalo kiuno chake hakijabanwa sana. Uso wa mbele ni mbao nyepesi ya sprusi, mgongo na mbavu ni mbao ya mahogani. Nalipiga kwenye kikundi chetu: waimbaji watatu, ngoma moja na mimi, mara nyingi bila spika wala maikrofoni. Lalamiko langu lilikuwa moja tu, sisikiki. Wakiimba wote kwa pamoja na ngoma ikachanganya, mkono wangu wa kulia unaonekana ukienda juu na chini kama mtu anayepunga nzi.

Nikaanza kuuliza. Kila niliyemuuliza akanielekeza kwenye rozwudi: rozwudi ina nguvu, rozwudi ina besi, rozwudi inajaza chumba. Mfano uliokuwa ukitajwa zaidi ni wa Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani: D-18 ya mahogani na D-28 ya rozwudi, magitaa ya umbo moja ambayo watu wameyalinganisha tangu miaka ya 1930. Nikajiambia basi, dawa yangu ni hiyo.

Gitaa la kwanza la "rozwudi" nililonunua, nilipigwa. Muuzaji simtaji. Kibandiko cha ndani kiliandikwa rozwudi, na mgongo ulikuwa na ile rangi ya kahawia iliyoiva, yenye michirizi myeusi na kazambarau fulani ukiuelekeza kwenye jua. Nililipiga wiki mbili nikijilazimisha kusikia tofauti. Siku niliyolipeleka kwa fundi anishushie nyuzi kidogo, hata bisibisi hakushika. Aliwasha tochi ya simu, akaimulika ndani ya tundu la sauti, akaniambia nichungulie.

"Unaona nini huko ndani?"

"Mbao."

"Haya ligeuze. Huo mchirizi mweusi hapo nyuma, karibu na ubavu, uko umbali gani na ukingo?"

Nikapima kwa vidole. Vidole vitatu.

"Sasa utafute kwa ndani."

Haukuwepo. Ndani mistari ya mti ilikwenda kivyake, imenyooka kama ya daftari, na rangi yake imepauka. Mgongo ule ulikuwa plaiwudi iliyobandikwa karatasi nyembamba ya rozwudi kwa juu. Ubao mzima hauna siri: mchirizi unaouona nje umepita mpaka ndani, na lazima utokee mahali pale pale. Wengine wanabandika rozwudi pande zote mbili, kwa hiyo usiridhike kwa kuona rangi nzuri ndani. Linganisha mchirizi kwa mchirizi.

Kwa uso wa mbele kipimo ni rahisi zaidi. Angalia ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya sprusi inayoonekana juu inashuka na kuendelea kwenye unene wa ukingo, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka kama ya biskuti, ni plaiwudi. Na kama hela inatosha kupata kimoja tu kati ya viwili hivi, chukua uso mzima, mgongo uwe plaiwudi. Wala siidharau plaiwudi. Ni ngumu, haipasuki ovyo, na gitaa la kusafiri nalo lingekuwa hilo. Nilichokasirikia ni kulipia jina.

Nililiuza kwa hasara, nikakaa miezi kadhaa nikijikusanya, kisha nikapata hili nililonalo. Uso ni sprusi nzima, mgongo na mbavu ni rozwudi ya India nzima. Umbo ni lile lile la drednoti langu la mahogani na urefu wa nyuzi ni ule ule, nikafunga na nyuzi za aina moja kwenye yote mawili ili nisijidanganye tena.

Usiku wa kwanza nao nilikaa na uzi mmoja tu, ule mnene wa juu kabisa. Kwenye mahogani ukiuchapa, noti inakuja, inasema neno lake, inaondoka. Kwenye rozwudi noti ile ile inakuja na ukoo wake. Chini kuna mngurumo unaousikia tumboni kabla ya masikio, juu yake kuna mlio mwembamba kama wa kengele ya mbali, na katikati pamekaa wazi kidogo. Nikaiacha ife yenyewe huku nahesabu taratibu. Rozwudi ilizama nikiwa kumi na moja, mahogani nikiwa nane. Nikarudia mara nyingi, na ingawa namba hazikuwa zile zile, rozwudi haikushindwa hata mara moja. Ukipiga kordi nzima na kuinua mkono, zile noti za pembeni zinaendelea kuzungumza zenyewe. Kwa mtu anayependa kupiga polepole kwa vidole, bila piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi, hapo ndipo anapotekwa.

Nilipomsimulia fundi, akaenda nyuma ya karakana akarudi na mbao mbili nyembamba, bado hazijakatwa umbo. Akaishika ya rozwudi kwa vidole viwili, karibu na kona, ikining'inia, akaigonga katikati kwa kifundo cha kidole. Ngiiii. Ililia kama sahani ya kaure. Akaishika ya mahogani vile vile. Du. Mlio mzuri, wa joto, lakini mfupi.

Tofauti hiyo inatokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja. Rozwudi ya India ni nzito, mita moja ya ujazo ina karibu kilo 830, wakati mahogani ya Honduras haifiki hata 600. Halafu mti wenyewe haunyonyi mtikisiko. Mbao nyingi zikitikiswa hugeuza mtikisiko ule kuwa joto ndani ya nyuzinyuzi zake, kidogo kidogo, na zinazoanza kumezwa ni sauti nyembamba za juu. Rozwudi inameza kidogo sana. Ndiyo maana ule mlio wa kengele unabaki. Mpingo, huu huu wa vinyago na zumari, ni ndugu wa damu wa rozwudi, jenasi moja ya Dalbergia, na ni mzito kuliko hata maji. Ukiugonga ubao wake unadhani ni chuma. Kuna mafundi wanaoutengenezea migongo ya magitaa. Sijawahi kulishika la aina hiyo, mwenye nalo asinifiche.

Sasa njooni kwenye kilichonipeleka sokoni, ukubwa wa sauti.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliingia nikiwa kifua mbele. Tukapiga nyimbo mbili. Nikasubiri mtu aseme kitu. Mwimbaji mmoja akageuka, "Kaka, leo hatukusikii kabisa. Umekuja na kale kadogo?"

Rozwudi ilikuwa imepotea zaidi ya mahogani! Nilikaa nikilitazama gitaa kama mtu aliyeachwa kituoni na basi. Baadaye nikaja kuelewa. Sauti za watu wanaoimba zinakaa katikati, na mahogani nguvu yake iko katikati hapo hapo, kwa hiyo inapambana nazo na kusikika. Rozwudi ina besi nyingi na trebo nyingi, zile sauti nyembamba za juu, katikati imeinama. Besi yake ikafunikwa na ngoma, trebo yake ikafunikwa na makofi, ile nafasi ya katikati ikajazwa na waimbaji. Nyumbani peke yangu, chumba kizima ni changu. Kwenye kikundi nikawa sina pa kukaa.

Lakini sikio langu lilikuwa na hasira, sikuliamini. Nikaweka simu yenye programu ya kupima desibeli juu ya stuli, kama mita mbili mbele yangu, nikapiga kordi ile ile kwa mkono ule ule, gitaa moja baada ya jingine, mara kumi kila moja. Tofauti haikufika desibeli moja, na wala haikuwa upande mmoja. Mara hili limezidi, mara lile. Desibeli moja sikio la mtu linaitambua kwa taabu. Kisha nikabadilisha piki tu, kutoka ile nyembamba inayopinda hadi nene. Namba ikapanda desibeli tatu. Kipande cha plastiki kilichokuwa mfukoni siku zote!

Fundi alinielezea kwa njia ambayo imenikaa. Uzi peke yake hauna sauti, ni mwembamba mno kusukuma hewa. Uzi unatikisa daraja, kile kipande cha usoni ambako nyuzi zimefungwa, daraja linatikisa uso wa mbele, uso ndio unaosukuma hewa ya chumba. Uso una unene wa milimita tatu hivi, na chini yake kuna fito zilizogundishwa kwa mpangilio maalumu. Fundi akiziacha nene, gitaa linakuwa bubu. Akizichonga mno, uso unabinuka na daraja linang'oka. Hewa iliyomo ndani nayo inapumua kwa tundu, na kwenye drednoti pumzi hiyo ina noti yake, karibu herzi 100, ndiyo inayoijaza besi. Sasa mgongo uko wapi kwenye hesabu hii? Mgongo hauzalishi nguvu. Nguvu yote imetoka mkononi mwako. Mgongo unachoweza ni kula kidogo au kula sana, na rozwudi inakula kidogo. Hapo ndipo faida yake ilipo, na ndiyo maana unaisikia zaidi kwenye urefu wa noti na rangi yake kuliko kwenye kishindo.

Hili wala si jambo jipya. Antonio de Torres, fundi wa Hispania ambaye magitaa ya leo ya klasiki yanafuata nyayo zake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu iliyogandishwa, kuonyesha tu kwamba uso ndio unaobeba kazi. Gitaa hilo bado lipo kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio lililoniuma zaidi. Waliagiza magitaa sita ya muundo mmoja, tofauti ikiwa mgongo na mbavu tu: rozwudi ya Brazil, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na wolnati. Wakaita wapigaji 52, wakawavisha miwani ya wachomeleaji kwenye mwanga hafifu wasione mbao, wakawapa wapige. Alama walizoyapa zilikaribiana sana. Rozwudi ya Brazil, ambayo watu wanaitafuta kama lulu, haikujitenga na wenzake.

Nikafanya langu la kienyeji. Mdogo wangu alikaa chumba cha pili, mlango nusu wazi, akapiga mara kumi na mbili akichagua gitaa anavyotaka, mimi nikiandika kwenye karatasi. Nilipata saba. Ukirusha shilingi juu unapata sita.

Mtu ataniuliza, sasa ule ukoo wa noti uliousikia usiku wa kwanza ni uongo? Hapana. Nikilipiga mwenyewe, mgongo ukiwa umegusa mwili wangu, nausikia na nauhisi kila siku. Ila nakiri mambo mawili. Kwanza, anayesikia tofauti hiyo zaidi ni mimi niliyelikumbatia. Aliye upande wa pili wa chumba anapata kipande chake tu. Pili, magitaa yangu mawili yana nyuso mbili tofauti, na hakuna mbao mbili za sprusi zilizo sawa hata zikitoka kwenye mti mmoja. Siwezi kuupa mgongo sifa zote. Wanaosema "hiyo ndiyo sauti ya rozwudi" kwa kusikiliza gitaa moja wanasema zaidi ya walichosikia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Linapofaa hasa ni kwenye kurekodi na kupiga peke yako. Nimerekodi nalo nyimbo za vidole nikiweka maikrofoni usawa wa freti ya kumi na mbili, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, na karibu sikugusa kitu baadaye. Usithubutu kuiweka mbele ya tundu, besi itakurudia kama pipa. Nikilegeza uzi mnene ushuke mpaka noti ya D, hapo mahogani inaanza kulegea lakini hili linasimama imara. Kwenye kuchapa kordi za haraka, ni shida. Noti za kordi iliyopita hazijaondoka, za mpya zimeshafika, zinagongana mlangoni. Nimejifunza kulaza ubavu wa kiganja karibu na daraja kuzikata, na bado kuna nyimbo nimeacha kabisa kuzipiga nalo.

Uzito nao upo. Ukisimama nalo saa mbili bega linakwambia.

Mwaka wa pili, kwenye miezi ya ukavu, nililiacha nje ya begi wiki nzima, limetundikwa ukutani kama picha. Nililiona tatizo kwa sikio kwanza, uzi ukaanza kukwaruza kwenye freti. Kisha nikapitisha kidole mgongoni nikahisi kijistari, chembamba kama unywele, kirefu kama kidole cha shahada, sambamba na mistari ya mti. Ufa. Fundi aliubana kwa gundi, akaweka vipande vidogo vya mbao kwa ndani kuushika. Kabla ya kupaka gundi alipangusa ndani kwa asetoni, kwa sababu rozwudi ina mafuta yake ya asili na gundi haishiki vizuri juu ya mafuta. Alivaa na barakoa, vumbi lake huwawasha watu ngozi na kifua. Alipolikwangua kidogo, ile harufu tamu ya waridi ikajaa karakana, nikaelewa jina lilipotoka. Tangu hapo linakaa kwenye begi gumu pamoja na kipimo cha unyevu na kimfuko cha kuongezea; nalinda asilimia 45 hadi 55. Mahogani langu kwa miaka yote limevumilia uzembe ule ule bila neno. Rozwudi ina deko.

Kuna na suala la karatasi kwa wanaosafiri. Rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na gitaa lake haliruhusiwi kuvuka mpaka kiholela hata kama ulirithi kwa babu. Martin wenyewe walihamia rozwudi ya India mwaka 1969. Aina nyingine zote za Dalbergia ziliwekewa masharti Januari 2017, wapigaji wakahangaika na vibali, hadi mwisho wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo. La India, kama langu, kwa upande wa CITES halina tena mzigo huo. La Brazil bado linao. Akikuuzia mtu la Brazil, omba karatasi kabla hujaomba punguzo.

Nikilipa alama, naweka nne kwa tano. Inayokosekana ni kwa ajili ya deko, wala si kwa kukosa kishindo, maana kishindo nilikidai mahali pasipo chake.

Na kusikika kwenye kikundi? Fundi alinimalizia bila kuuza kitu kipya zaidi ya nyuzi. Alirudi kwenye mahogani langu la zamani, akafunga nyuzi nene zaidi, za namba 13 badala ya 12, akarekebisha shingo kuzipokea. Piki ikawa ile nene. Kisha akanitazama nikipiga, akacheka, akaniambia niache kulibana gitaa tumboni; nalizuia mgongo kutikisika halafu naulaumu mti wake. Nalishika likiwa limeinama kidogo, ubavu tu ukigusa paja, na nimehama kutoka kiti cha nyuma ya ngoma hadi kile cha pembeni ambacho tundu la gitaa linawatazama watu. Yule mwimbaji juzi kanishika bega ananiambia nipunguze kidogo.

Rozwudi siku za mazoezi inabaki nyumbani, ndani ya begi lake na kipimo chake, hadi usiku watu wakishalala.